Timu ya Sufuria Mbili

Msikilizaji, timu ninayotaka kuizungumzia leo haipo. Haina uwanja, haina madeni ya mishahara, na bado haijamfukuza kocha hata mmoja. Ninaiunda hapa hapa mbele ya maikrofoni, tena ninaanzia pale ambapo viongozi wengi wa klabu hufika wakiwa wameshachoshwa na vikao: jina, nembo, rangi, na lile neno moja ambalo shabiki atalipigia kelele dakika ya 89 sauti ikiwa imemkauka.

Nimejiwekea sharti moja: sura ya timu hii itoke kwenye historia ya sayansi. Wanyama nimewaacha. Simba ana kwao Msimbazi, chui ana kwao Nairobi, na TP Mazembe wa Lubumbashi wana mamba aliyebana mpira kinywani. Atakayetaka kumpokonya aende mwenyewe.

Najua kuna wanaoguna. Sayansi na kandanda, wapi na wapi? Hebu muulize shabiki wa Arsenal pale kijiweni ule mzinga wa kifuani umetoka wapi. Klabu ile ilianzishwa mwaka 1886 na wafanyakazi wa kiwanda cha silaha cha Woolwich, London. PSV ya Uholanzi, ile P ya mwanzo ni Philips, kampuni ya taa za umeme ya Eindhoven. Timu ilizaliwa mwaka 1913. Kule Jena, Ujerumani, wafanyakazi wa Carl Zeiss, watengenezaji wa hadubini na lenzi, walianzisha timu yao mwaka 1903, na mwaka 1981 ikafika fainali ya Kombe la Washindi la Ulaya, ikafungwa 2-1 na Dinamo Tbilisi. Na sisi wenyewe tuna Mtibwa Sugar na Kagera Sugar, timu zinazonukia mtambo wa kukamulia miwa. Ila timu hizo zote zilizaliwa kiwandani, hazikukaa chini zikachagua. Anayechagua ana kazi ngumu zaidi, kwa sababu hana wa kumsingizia.

Ugumu wenyewe uko hivi. Mwambie mchoraji yeyote wa kompyuta, nichoree nembo yenye sayansi. Kabla hujamaliza chai yako atakuletea atomu yenye zile njia tatu za mviringo. Ukikataa ataleta chupa ya maabara yenye povu. Ukikataa tena, balbu. Ukimkasirisha kabisa, nywele za Einstein. Sina ugomvi na Einstein, lakini nembo ya namna hiyo inaweza kuwa ya timu, ya duka la dawa, ya shule ya awali au ya fundi simu, na hakuna atakayegundua ukizibadilisha. Haisemi lolote lililowahi kumtokea mtu. Sayansi ni mambo yaliyowatokea watu, mahali fulani, siku fulani, mara nyingi wakiwa na haraka ya jambo lingine.

Nilianza kutafuta nyumbani. Oldupai, bila shaka: fuvu la Zinjanthropus alilolipata Mary Leakey mwaka 1959, mumewe Louis akiwa kambini anaumwa. Lakini fuvu kifuani mwa mchezaji linasomeka kama onyo la transfoma. Nikaenda Laetoli, kusini kidogo ya hapo, kwenye nyayo za viumbe waliotembea wima juu ya majivu ya volkano miaka milioni 3.6 iliyopita. Nyayo, na mpira wa miguu! Nikadhani nimefika. Tena ugunduzi wenyewe ulianza na mchezo: mwaka 1976 watafiti walikuwa wakirushiana vinyesi vikavu vya tembo, mmoja wao, Andrew Hill, akaanguka akikwepa, na pale alipoangukia akaona alama za wanyama kwenye majivu yaliyogeuka jiwe. Nyayo za wale watembea wima zilipatikana miaka miwili baadaye. Hadithi tamu. Nimeiacha kwa sababu inaingia kwenye mpira kirahisi mno. Mguu, nyayo, kiatu, mpira, kila mtu angefika hapo akiwa nusu usingizini. Watu wa Ngorongoro wakiitaka, ni yao.

Mimi nimepanda Lushoto.

Mwaka 1963, shule ya sekondari ya Magamba, juu kwenye milima ya Usambara. Kijana wa kidato cha tatu anayeitwa Erasto Mpemba anatengeneza aiskrimu pamoja na wenzake. Utaratibu ulijulikana: unanunua maziwa, unayachemsha, unatia sukari, unayaacha yapoe, ndipo unayamimina kwenye trei na kuyapeleka kwenye jokofu. Shida ilikuwa nafasi. Watengenezaji wengi, jokofu ni lile lile. Siku hiyo mwenzake mmoja, kwa kuogopa kuikosa nafasi, akakoroga sukari kwenye maziwa mabichi, hakuyachemsha kabisa, akawahi. Mpemba alikuwa ndiyo kwanza ameyaepua yake. Akisema angoje yapoe, nafasi imekwenda. Akaamua liwalo na liwe, hata jokofu la watu likiharibika, akayaingiza yakiwa ya moto vile vile.

Baada ya saa moja na nusu hivi wakarudi kutazama. Maziwa ya Mpemba yalikuwa yameganda. Ya yule aliyewahi yalikuwa bado uji mzito.

Angekuwa mtoto mwingine angekula aiskrimu yake akanyamaza. Huyu alikwenda kumuuliza mwalimu wa fizikia, akajibiwa kwamba amechanganyikiwa, jambo hilo haliwezekani. Akaikubali hukumu, lakini moyoni halikutoka. Baadaye alipokuwa Tanga akakutana na wauza aiskrimu, nao wakamwambia kwamba wao siku zote huweka mchanganyiko ukiwa wa moto, maana huganda haraka. Watu wa biashara hawakuwa na habari kwamba haiwezekani.

Akafaulu, akaenda Mkwawa, Iringa. Somo la joto na kupoa lilipofika akauliza tena. Akabishana na mwalimu hadi mwalimu akafunga mjadala: hiyo ni fizikia ya Mpemba, si fizikia ya ulimwengu. Darasa likapata wimbo. Kuanzia hapo kijana akikosea hesabu, basi ni hesabu za Mpemba. Wanafunzi mnaijua hiyo, jina likishabandikwa halibanduki hadi siku ya mahafali.

Hakukasirika, au kama alikasirika, hasira aliipeleka maabara. Akachukua vikopo viwili vya kioo, maji ya moto huku, ya baridi huku, akavitia kwenye friza ya maabara ya biolojia. Kisha akaja mgeni, Dakta Denis Osborne, mhadhiri wa fizikia kutoka Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kuzungumza na wanafunzi. Wakati wa maswali Mpemba akasimama: vyombo viwili sawa, maji kiasi sawa, kimoja nyuzijoto 35, kingine 100, vikiwekwa kwenye jokofu, cha 100 kinaganda kwanza, kwa nini? Kuna wenzake walioona amewaaibisha mbele ya mgeni.

Osborne alikiri baadaye kwamba hakusadiki. Lakini alimwahidi kijana kwamba litajaribiwa, na aliporudi Dar es Salaam akampa kazi hiyo fundi wa maabara. Hapa ndipo pana kipande ninachokipenda kuliko vyote. Fundi akaleta ripoti: ni kweli, maji ya moto yameganda kwanza, ila usiwe na wasiwasi, tutaendelea kurudia mpaka tupate jibu sahihi. Wakarudia. Jibu sahihi likakataa kuja. Mwaka 1969 makala ikatoka kwenye jarida la Uingereza la Physics Education, majina mawili juu yake, la mhadhiri na la kijana, ambaye wakati huo alikuwa Mweka, chini ya Kilimanjaro, akisomea uhifadhi wa wanyamapori. Vitabu vya fizikia leo vinaliita jambo hilo kwa jina lake, duniani kote. Ile fizikia ya Mpemba.

Sasa tuunde timu.

Jina kwanza. Mpemba FC nimelikataa kwa sababu mbili. Moja, jina la mtu lina familia, na familia huombwa ruhusa, hailetewi jezi ikiwa tayari imechapwa. Mbili, nusu ya nchi wangedhani ni timu ya kisiwani Pemba na wangeanza kutafuta karafuu kwenye nembo. Magamba FC ni jina la mahali na lina haki zake, lakini tangu mwaka 2011 chama tawala kilipozungumzia kujivua gamba, neno hilo limebeba utani ambao sitaki beki wangu wa kushoto aubebe. Barafu FC? Hapana. Barafu ni mwisho wa hadithi, na hakuna anayeshangaa barafu kuwa baridi. Kilichowashangaza watu ni kile kilichoingia.

Kwa hiyo timu inaitwa Maziwa Moto. Maziwa Moto ya Lushoto.

Umecheka? Vizuri. Jina la timu lazima limwachie mtani mahali pa kushika. Waliokusudia majina makali, mara radi, mara tufani, mara makomandoo, hujikuta wakifungwa nne bila na jina linawazomea peke yake. Maziwa Moto, mtani atasema sisi ni watoto wachanga, atatuletea chupa za chuchu uwanjani. Alete. Eindhoven wapinzani wao wa miji mikubwa waliwaita wakulima, leo mashabiki wa PSV wanajiimbia wenyewe kwamba wao ni wakulima. Nasi jukwaa letu litakuwa na bango moja refu, herufi nyeusi kwenye shuka jeupe: FIZIKIA YETU.

Rangi. Hapa mchoraji wangu wa kufikirika alinijia na buluu na nyeupe, barafu na anga. Nikamkumbusha kwamba ligi yetu tayari ina timu ya buluu na nyeupe, tena ya watu wanaouza aiskrimu kwelikweli. Azam FC wanaitwa Wanalambalamba. Tukitokea nasi na buluu na aiskrimu, watatuuliza koni zao tumezipeleka wapi. Nyekundu na nyeupe ni Msimbazi. Kijani na njano ni Jangwani. Ukitoa hizo, rafu ya rangi Tanzania imebaki na nafasi ndogo kuliko jokofu la Magamba.

Tumebaki na vitu vilivyokuwa jikoni siku ile. Jezi ya nyumbani ni rangi ya maziwa yaliyochemka, ile nyeupe iliyoingia umanjano kidogo, si nyeupe ya sabuni. Bukta ni nyeusi ya masizi, kama tako la sufuria ya kuni. Kwenye pindo la jezi, chini kabisa, unapita mstari mwembamba wa rangi ya kaa la moto. Mwembamba kweli, mchezaji akichomekea hauonekani, akishangilia bao na kuvuta jezi juu unaonekana. Ugenini tunageuza, jezi ya masizi, bukta ya maziwa, na mstari ule ule. Rangi tatu basi. Jezi yenye rangi sita inapendeza kwenye skrini ya kompyuta, lakini ikifika kwa fundi wa Kariakoo anayenakili kwa macho, inatoka kitu kingine kabisa. Na atainakili, usijidanganye. Mbunifu anayejua kazi yake anachora akimfikiria mwiga, maana jezi nyingi zitakazoonekana mtaani zitapita mikononi mwake.

Nembo nayo ipite mtihani huo huo: mtoto aweze kuichora ukutani kwa kipande cha mkaa. Walioniletea alama ya kuuliza ambayo nukta yake ni mpira wa miguu niliwashukuru, nikawarudishia. Ni werevu wa dakika tano. Nilichokitaka ni sufuria mbili. Zinafanana, kimo kimoja, upana mmoja, zimekaa bega kwa bega. Ya kushoto ni mstari wa nje tu, ndani tupu. Ya kulia imejazwa ndani, nyeusi ti, kwa kuwa imeganda. Lakini juu yake pana mistari mitatu ya mvuke. Hakuna mpira, hakuna mlima, hakuna nyota. Anayeitazama kwa mara ya kwanza ataona kosa: mbona iliyoganda ndiyo inayofuka? Hapo hapo ameshauliza swali la mwaka 1963, na hatujamwandikia neno.

Kwa nini mbili? Mchoraji alitaka kubaki na moja, ya mshindi, akasema inasomeka vizuri kwenye picha ndogo ya simu. Hapo ndipo tulipovutana. Sufuria moja ni mapishi. Ukiweka maziwa ya moto kwenye friza peke yake yakaganda, umepata aiskrimu, hujapata habari yoyote. Ni trei ya yule mwenzake, kijana ambaye jina halikubaki, aliyekuwa na pupa ya nafasi akamwaga maziwa mabichi, ndiyo iliyomwezesha Mpemba kuona kwamba maziwa yake yamefanya jambo la ajabu. Jaribio ni vitu viwili vilivyowekwa pamoja. Mechi nayo ni hivyo hivyo. Hujawahi kuona timu ikishinda uwanjani peke yake, labda mezani kwenye kamati. Klabu zimezoea kujichora zenyewe tu, simba wao anaunguruma na mbele yake hakuna mtu. Yetu itakuwa imembeba mpinzani kifuani, amekaa pembeni yetu, kimo chetu.

Nembo nyingi huwa na mwaka wa kuanzishwa. Kuandika 1963 pale mbele itakuwa uongo, timu haikuwepo. Mwaka huo utashonwa ndani ya ukosi, nyuma ya shingo, mahali anapouona yule anayevaa.

Kelele za jukwaani zilikuja zenyewe. Tukifunga bao, upande wa mashariki unauliza kwa pamoja: Imeganda? Upande wa magharibi unajibu: Imeganda! Ngoma mbili katikati. Mwamuzi akikataa bao, swali linaulizwa vile vile, na jibu halitoki. Uwanja mzima unamtazama.

Kauli mbiu ilinisumbua kuliko vyote, kwa sababu ilinibidi niwe mkweli kuhusu sayansi yenyewe. Ingekuwa rahisi kuandika Wa Mwisho Ndiye wa Kwanza, mashabiki wangepiga makofi. Lakini jambo hili halitokei kila mara. Ukienda sasa hivi jikoni kwako ukajaribu, huenda maji ya baridi yakaganda kwanza, unishtaki redioni. Inategemea chombo, kiasi, friza, kama chini ya chombo kuna barafu iliyoyeyuka na kukishika vizuri. Wapo wanaosema maji ya moto hupungua kwa mvuke, yakabaki machache ya kugandisha. Wengine wanazungumzia mizunguko ya maji ndani ya chombo, wengine hewa iliyotoka wakati wa kuchemka, wengine maji ya baridi kushuka chini ya sifuri bila kuganda. Aristotle aliligusa jambo hili zamani mno. Mwaka 2012 Jumuiya ya Kifalme ya Kemia ya Uingereza iliweka zawadi ya pauni 1,000 kwa maelezo bora, yakaingia zaidi ya 20,000, na ubishi haukuisha. Mwaka 2016 watafiti wawili wa Uingereza walipima kwa makini, wakasema hawaoni ushahidi wa kutosha kwa maji ya kawaida, na kwamba ukisogeza kipimajoto kidogo tu unaweza kupata jibu jingine. Miaka minne baadaye, Kanada, wanafizikia wakaonyesha jambo la jamii hiyo hiyo likitokea waziwazi, si kwa maji, kwa chembe ndogo sana zilizodhibitiwa kwa mwanga.

Kwa hiyo timu yangu haiwezi kuahidi kwamba ikianza nyuma itamaliza mbele. Mara nyingine itaanza nyuma na itabaki nyuma, kama timu zote. Kauli mbiu ni maneno mawili, nimeyachukua kwa yule fundi wa maabara wa Dar es Salaam aliyekuwa akingoja jibu sahihi: Rudia Uone. Ukishinda, inafaa. Ukifungwa, inafaa zaidi. Na kocha akiitundika chumba cha kuvalia nguo, kila mchezaji aliyekosa penalti anajua anaambiwa nini.

Limebaki la mdhamini. Katika hadithi za kubuni mdhamini naye ni wa kubuni, na wangu amekuja na fedha nzuri pamoja na pendekezo. Anasema ile sufuria ya kushoto iko tupu, si ndiyo? Basi nembo ya kampuni yake iingie mle ndani, itakaa vizuri, ukubwa unatosha, wala hatutabadilisha kitu kingine. Amenipa hadi Ijumaa. Nimemwonyesha mkono wa jezi, mgongo, bukta, ubao wa matangazo, basi la timu, hata mageti ya uwanja ambao hatuna. Ndani ya ile sufuria nimemkatalia. Mle kuna maziwa ya yule kijana mwingine.